Jua Moja kwa Frigo na Ndege

Jumapili, 6 Oktoba

Ninaandika nikiwa na miwani mipya usoni, na ni miwani hiyo iliyoanzisha mambo yote.

Wiki iliyopita nilikwenda Kasongo kuichukua. Fundi aliniambia nirudi alasiri, nikaenda kujikinga jua kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Ni duka la Papa Atumani, anayeuza na kutengeneza kompyuta. Ndani, kwenye skrini kubwa, kulikuwa na ndege ndogo imesimama uwanjani, pangaboi lake la mbele linazunguka, nyasi zinalala kwa upepo. Nilidhani ni filamu.

"Hapana, mama," akasema Papa Atumani. "Hiyo ni mchezo. Ile ndege inangojea mutu wa kuiendesha."

"Basi huyo mutu amefika," nikamjibu.

Akanipa maneti, kile kidude cha kushika kwa mikono miwili chenye vifungo na vijiti. Nikaruka. Nikaanguka kwenye miti. Nikaruka tena. Miwani ilikuwa tayari zamani, na mimi bado nimekaa.

Katika kazi yangu yote ya ukunga hapa Kabambare nilipanda ndege safari moja tu. Tulimpeleka mama mmoja mwenye mapacha waliokaa vibaya tumboni. Wakati wa kurudi ndege ilikuwa tupu, rubani akaniita nikae mbele, na tulipofika juu ya mto Luama aliniachia usukani kidogo. Sijamwambia mtu jinsi nilivyojisikia. Hata bwana yangu, Baba Dieudonnée, Mungu amlaze mahali pema, nilimwambia tu kwamba huko juu kuna baridi.

Sasa nimestaafu, watoto wamehama, Dieudonnée yuko Bukavu, na ninataka kompyuta ya kuendeshea ndege. Nimeshaiandika hapa, siwezi kujifanya sikuisema.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua kutwa. Paa linavuja upande wa jiko.

Ijumaa, 11 Oktoba

Papa Atumani hapendi kuuza kompyuta za mchezo zilizofungwa tayari. Anasema mara nyingi wameweka kipande kizuri pale unapotazama, na kibaya pale usipotazama. Ni afadhali uchague vipande kimoja kimoja, vitoke Bukavu kwa ndege, yeye avifunge.

Leo nimepanda kilima cha parokia, kwa sababu ndiko mtandao unakoshika, nikasikiliza sauti alizonitumia kwenye simu. Nimeelewa hivi. Prosesa ndiyo inayofikiri. Karti ya picha ndiyo inayochora mawingu, miti na mito. Memori ni meza ya kazi: ikiwa ndogo, vitu vinarundikana na kazi inakwama. Diski ni ghala. Alimentasio ni sanduku linalogawa umeme kwa wote. Na wote hao wanakaa juu ya kipande kimoja kipana kinachoitwa karti-mama.

Nilicheka peke yangu kilimani. Karti-mama! Na kweli ana tabia za mama: si kila prosesa anaikubali. Lazima uhakikishe kwanza wanapatana, kabla hujanunua. Hilo niliweza kulielewa bila kurudia sauti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimemwambia Pascaline. Pascaline ni dada mdogo wa marehemu bwana yangu, na mimi huniita yaya, yaani dada mkubwa. Tunakaa uwanja mmoja, nyumba yake inatazamana na yangu. Ana frigo ndogo ya kugandisha, anauza maji baridi na juisi ya tangawizi kwa wapita njia. Frigo hiyo inakula jua lilelile langu, maana tuna paneli mbili tu juu ya paa langu na betri chini ya meza yangu.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Yaya, watoto wakisikia kama mama yao anacheza mchezo, watasema nini?"

"Dieudonnée ndiye atakayeninunulia vipande kule Bukavu. Ameshasikia."

"Na amesema nini?"

"Amecheka."

"Eeh. Mimi sicheki." Akapuliza makapi. "Na hiyo kitu itakula wapi? Kwa jua ya nani?"

Pascaline amekuwa hivyo tangu nilipoolewa katika ukoo wao. Anasema neno moja tu, kisha anakuachia ulibebe mwenyewe.

Jumamosi, 19 Oktoba

Dieudonnée amenitumia picha kutoka duka moja la Bukavu. Sanduku la kioo, ndani taa za rangi zinazobadilika, na karti ya picha ndefu kama mkono wangu mpaka kiwiko, yenye feni tatu. Muuzaji amemwambia kwamba ukiwa na hiyo utaona hata majani ya mti yakitikisika.

Nilimtumia Papa Atumani picha hiyo kwa furaha. Akanipigia mwenyewe.

"Mama, kabla ya kuchagua karti, nieleze kwanza jua yako. Paneli ngapi? Betri ya namna gani? Kuna kitu ingine inakula pale?"

Nikamweleza, na frigo pia.

"Basi, hapana. Hiyo karti inakula kama pasi ya umeme. Na pasi, mutu anapiga nguo anazima. Weye utaruka saa nzima. Tutafute kidogo, mama. Kidogo yenye akili."

"Na mawingu?"

"Mawingu itakuwa, lakini si mazuri kama hayo."

Nilikata simu kwa hasira. Kijana akiomba karti kubwa, wanamuuzia wanamshukuru. Mama mzee akiomba, wanampa kidogo yenye akili. Nimezoea watu kuniona sijui ninachotaka.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimemwambia Dieudonnée anunue ile kubwa. Papa Atumani ataiona ikishafika.

Jumapili, 27 Oktoba

Jua zuri leo. Pascaline ameuza chupa zote.

Jumamosi, 2 Novemba, Kasongo

Vipande vyote vimefika. Papa Atumani alifungua katoni ya karti ya picha, akaitazama, akaniangalia, akaguna. Akafanya kazi nzima mbele yangu: prosesa, memori, diski, akaikaza karti kubwa kwa skrubu, akaunganisha nyaya nyingi. Kisha akaiwasha kwa jenereta yake.

Ee Mungu wangu! Mawingu unaweza kuyala kwa kijiko. Watu wa sokoni walijaa mlangoni kutazama. Mke wake, Latifa, alikuja na kikombe cha chai akasahau kunipa, akasimama nacho mpaka kikapoa.

Wakati wa kufunga mzigo Papa Atumani aliniambia kwa sauti ya chini, "Hapa ni jenereta, mama. Kwako ni jua."

"Nimesikia," nikasema. Nilikuwa nimesikia, lakini sikutaka kuelewa.

Jumatano, 6 Novemba

Nimerudi salama. Heri, kijana wa pikipiki ninayemwamini, aliendesha kama amebeba mayai. Leo mbingu zilikuwa wazi, nikawasha. Niliruka, nikavuka milima ambayo sitaiona kwa miguu yangu. Kuangusha ndege bado naiangusha, lakini sasa naangukia karibu na uwanja.

Nilipozima, Pascaline alikuwa mlangoni.

"Maji yangu yamekuwa ya vuguvugu."

"Yatapoa tena."

Akarudi kwake.

Jumamosi, 9 Novemba

Mawingu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mawingu, mvua, mawingu. Konvertisa, lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ilipiga kelele mara mbili nilipowasha kompyuta. Nikazima haraka. Pascaline anasema hata juisi haigandi pembeni kama zamani. Nikamwambia ni msimu. Akasema msimu unakuja kila mwaka, juisi yake haijawahi kukataa.

Jumatano, 13 Novemba

Jumapili hii tutafanya misa ya kumkumbuka Baba Dieudonnée. Tangu juzi Pascaline anakusanya samaki. Wavuvi wa Luama wanamletea wachache wachache, anawasafisha, anawaweka katika frigo. Kaka yake alipenda samaki wa Luama kuliko nyama yoyote, na kila mwaka yeye ndiye anayepika. Mimi najua kuwapika pia, lakini siku hiyo simgusii sufuria.

Leo alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Yaya, nakuomba kitu moja. Mpaka Jumapili usiwashe ile mashini."

"Ndiyo," nikasema.

"Sawa. Asante."

Jumamosi, 16 Novemba

Nitaandika yote jinsi yalivyokuwa.

Jana baada ya chakula jua lilitoka. Lilitoka kali, kama la mwezi wa saba, na mabati yakaanza kulia. Pascaline alikuwa ameenda kununua mafuta ya mawese. Nikasema moyoni, kwa jua kama hili betri itajaa mara mbili. Niruke mara moja tu, nitue, nizime. Nikawasha. Nilipaa vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa nimeanza kushuka, uwanja uko mbele yangu umenyooka, konvertisa ikalia mlio mrefu na kila kitu kikazimika.

Nilitazama dirishani. Jua lilikuwa limekwisha kuingia tena katika mawingu, na mimi sikuona kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye jua la mchezo.

Nilidhani umeme utarudi wenyewe betri ikipumzika. Ndivyo nilivyodhani, kwa kweli. Nikaenda mazoezi ya kwaya. Niliporudi Pascaline alikuwa jikoni kwake anasaga pilipili, nikampitia, nikamsalimu, sikumwambia kitu. Sikujua kwamba konvertisa ikikata namna ile, inangoja mtu aje abonyeze kifungo chake. Lakini nilijua kwamba imekata. Hilo nilijua.

Leo asubuhi nilisikia mfuniko wa frigo unafunguliwa. Nilitoka. Pascaline alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika mfuniko. Harufu ilikuwa imenifikia mlangoni. Joto la siku hizi halingoji.

"Imezimika tangu wakati gani?" akauliza.

"Tangu jana alasiri."

"Weye ulijua?"

"Nilijua."

Akaanza kuwatoa mmoja mmoja, anawaweka katika beseni, taratibu, kana kwamba bado wanaweza kuumia. Nilitaka kumsaidia, akasogeza beseni mbali nami. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Pascaline, nitatafuta samaki wengine. Nitamtuma Heri mpaka mtoni sasa hivi."

"Si juu ya samaki nalia, yaya. Luama iko na samaki ingine." Akajipangusa kwa bega. "Nalia juu uliniambia ndiyo. Weye uliniambia ndiyo, nikaenda kulala."

Akabeba beseni kichwani, akaenda kuwafukia nyuma ya migomba. Mvua ilianza kabla hajarudi. Heri alijaribu kwenda mtoni akarudi na matope mpaka magotini: mto umejaa, hakuna mvuvi aliyetia mtego.

Nimeifunika kompyuta kwa kitenge. Zile taa za rangi sitaki kuziona.

Jumapili, 17 Novemba

Misa ilikuwa nzuri. Tulikula maharage, sombe ya majani ya muhogo na wali. Watu waliozoea walimuuliza Pascaline samaki wa Luama wako wapi.

"Mwaka huu mito imejaa mapema," akawajibu. "Wavuvi hawakubahatika."

Alisema hivyo kwa kila aliyeuliza, akiwapakulia. Hakunitazama hata mara moja. Miaka yote nimemhesabu kuwa mtu mwenye ulimi mkali, na leo, ulimi huohuo ambao ungeweza kuniaibisha mbele ya parokia nzima, ameutumia kunifunika.

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. Mimi na Pascaline hatusemezani.

Alhamisi, 21 Novemba, Lusangi

Niko njiani kwenda Kasongo kwa Papa Atumani. Sanduku la kompyuta tumelifunga ndani ya blanketi na plastiki, nimelipakata kati ya tumbo langu na mgongo wa Heri.

"Mama, hii mzigo unaishika kama mutoto," akasema.

"Nimeshika watoto wengi barabara hii hii. Angalia mbele."

Karibu na hapa daraja la magogo limefunikwa na maji. Heri alivusha pikipiki akiisukuma, wanaume wawili wa shambani wakimshikia. Mimi nilivua viatu, nikalibeba sanduku kichwani, nikavuka polepole nikipapasa magogo kwa vidole vya miguu. Katikati nilitaka kulitupa mtoni nirudi nyumbani. Lakini mtu hatupi kitu kilichomgharimu ndugu. Tumepata pa kulala kwa shangazi yake Heri. Wametupa bugali na mboga ya moto. Nimeshukuru.

Ijumaa, 22 Novemba, Kasongo

Nilifika nimejipanga kusikia "nilikuambia". Nilikuwa hata na jibu. Papa Atumani aliona blanketi, akaona matope kwenye nguo yangu, akasema, "Karibu, mama. Latifa! Chai."

Latifa alinipa maji ya kuoga na kitenge kikavu kwanza. Chai niliinywa baadaye, ya moto safari hii. Nikawaeleza wote wawili habari za samaki.

Papa Atumani akasema, "Mimi pia nilikosea. Nilikuwa nakuambia hapana, hapana, kama mutu anafukuza kuku. Sikukuonyesha. Mutu anahitaji kuona."

Akachomeka kompyuta yangu kwenye kijimashine kidogo kinachoonyesha ni umeme kiasi gani unaliwa. Akafungua mchezo. Tarakimu zilipanda mbele ya macho yangu kama homa ya mama aliyechelewa kuja hospitali. Akachukua frigo ya Latifa, akaichomeka peke yake. Tarakimu zikatulia chini kabisa. Karti yangu ilikuwa inakula sehemu ya frigo nyingi kwa pamoja.

"Sasa ninaona," nikasema.

"Tunaanza na jua," akasema. "Jua inatuambia karti. Karti inatuambia alimentasio. Tulianzia mwisho."

Anayo prosesa nyingine, ya ukoo uleule, inayokubaliwa na karti-mama wangu. Hiyo ina uwezo wa kuchora picha ndani yake, haihitaji karti ya pembeni. Inakula kidogo. Ile karti kubwa ataichukua jirani yake anayetengeneza video za harusi, ambaye ana jenereta kubwa, naye atatulipa fedha zinazotosha prosesa hiyo na zaidi. Sanduku la kioo pia nimelikataa. Nimechagua la bati, jeusi, halina taa hata moja, lina matundu mazuri ya hewa.

Jumamosi, 23 Novemba, Kasongo

Leo nimefunga kompyuta kwa mikono yangu.

Papa Atumani alisema akiifunga yeye, nitarudi nyumbani na kitu nisichokijua. Akanikalisha mezani. Kwenye kona ya prosesa kuna alama ndogo ya pembetatu, na kwenye karti-mama kuna nyingine. Zikitazamana, kipande kinashuka chenyewe mahali pake. "Usisukume, mama," akasema, na mimi nikamwangalia tu. Maisha yangu yote nimewaambia watu neno hilohilo, na saa ikifika nimewaambia kinyume chake. Prosesa ikashuka. Nikaweka juu yake ile dawa ya kijivu inayopeleka joto, kiasi cha punje ya karanga, kisha feni.

Kwenye memori alinipa kipande kimoja kikubwa. Nikamuuliza, "Yule kijana kwenye zile video za kompyuta ulizonitumia alisema prosesa inayochora yenyewe inapenda memori mbili zinazolingana, si moja. Kwa nini unanipa moja?"

Akakuna kichwa. "Nilifikiri haitaleta tofauti kwako."

"Tujaribu."

Tulijaribu moja: ndege ilikuwa inakwenda kwa kurukaruka, kama Heri kwenye mashimo. Tukaweka mbili ndogo zinazolingana: ikatulia. Papa Atumani alicheka mpaka akaketi. "Latifa, kuja uone, mama ananifundisha kazi!" Akasema kuanzia leo atawawekea wateja wake wote mbili.

Mawingu si laini tena, na nyasi haziinami kwa upepo. Miti ya mbali ni kama mboga iliyochemshwa. Lakini unapovuta kijiti nyuma pua inanyanyuka, na tumbo lako linabaki chini kidogo, vilevile.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimefika nyumbani. Kabla ya kufungua mzigo nilivuka uwanja, nikaketi kwenye ngazi ya Pascaline. Alikuwa anaosha chupa.

"Nimekuja kuomba musamaha," nikasema. "Si wa samaki. Wa ndiyo."

Aliendelea kuosha. Baadaye akasema, "Ile kitu iko na nini, yaya? Nieleze. Juu mimi nakutazama, sielewi."

Basi nikamweleza. Nikamweleza habari ya rubani, na usukani, na Luama kule chini imejipinda na kung'aa, na jinsi nilivyojisikia kwamba mikono yangu, ambayo kila siku ilikuwa inangoja watu wengine wafike duniani, kwa mara moja ilikuwa inanipeleka mimi. Niliona haya kusema. Pascaline aliacha chupa.

"Ulimwambia kaka yangu?"

"Nilimwambia kulikuwa na baridi."

Akacheka kwa pua, kidogo. "Angekuuliza kama ulivaa sweta."

Tulicheka wote wawili, kwa sababu ni kweli kabisa.

Kisha tukawasha pamoja, frigo na kompyuta. Pascaline alisimama mbele ya konvertisa, mikono kiunoni, kama askari. Nilipaa, nikazunguka, nikatua. Kimya. Hata mlio mmoja haukusikika. Aliweka kiganja ndani ya frigo, akaridhika, akatoa amri: jua likiwa juu ya jiko, niwashe, likifika kwenye mparachichi, nizime, siku ya mawingu, niende kwaya.

"Ndiyo," nikasema.

Akanitazama kwa muda. "Haya."

Alhamisi, 28 Novemba

Mawingu. Nimekwenda kwaya.

Jumamosi, 30 Novemba

Sisimizi wameingia kwenye sanduku la kompyuta, wanatafuta joto. Niliwatoa kwa brashi ya unga. Pascaline alikuja na kipande cha chandarua cha zamani, akakipima kwenye matundu, akakikata, akakishona kwa pindo kama la nguo ya komunyo. Hewa inapita, sisimizi hawapiti. Hakuambiwa na mtu.

Jumatano, 4 Desemba

Jua tangu asubuhi. Pascaline aliketi pembeni yangu "kwa kuangalia konvertisa". Nilimwonyesha njia: tunapaa Kasongo, tunafuata mashariki, tunatafuta Luama. Mto upo katika mchezo, umechorwa vibaya, lakini upo. Kabambare haipo. Ni msitu mtupu.

"Nyumba yetu iko wapi?"

"Hawajaichora."

"Na parokia?"

"Hata parokia."

"Hawa watu hawakufika huku," akasema kwa huruma. Kisha: "Lete."

Nikampa maneti. Aliishika kama sahani ya moto. Ndege ikalala ubavu, ikapanda, ikashuka, yeye anapiga kelele "Yaya! Yaya! Inakwenda wapi?" na mimi nasema vuta, vuta, na tukaangukia msituni, labda mahali palepale tunapokaa. Pascaline aliangua kicheko kikubwa. Tangu tumzike kaka yake sikuwa nimekisikia. Heri aliyekuja kununua maji alichungulia dirishani akauliza nani ameumia.

"Sisi wote," akasema Pascaline. "Ngojea kwanza. Narudilia."

Jumapili, 8 Desemba

Jua kali baada ya misa. Pascaline amekaa kwenye kompyuta tangu lilipofika juu ya jiko, na hataki nimfundishe. Mimi nimeuza maji yake. Wateja wamelalamika kwamba tangawizi yangu ni nyepesi.